Beganovic, Lundqvist au Solberg: njia ipi ya Waswidi imfae kijana anayetaka usukani?

Mswidi wa mwisho kushinda mbio za Formula 1 ni Ronnie Peterson, huko Austria, Agosti 1978. Mwezi uliofuata alipata ajali Monza na akafariki. Karibu nusu karne imepita na hakuna Mswidi mwingine aliyeshinda. Hata hivyo nchi hiyo yenye watu milioni kumi hivi haijawahi kupungukiwa na madereva. Wako Indianapolis, wako kwenye rally, wako kwenye rallycross, mbio fupi za magari yanayochuana pamoja kwenye uwanja wa lami na changarawe, ambako Johan Kristoffersson ameugeuza ubingwa wa dunia kuwa mali ya nyumbani kwao Arvika.

Ndiyo maana ukitaka kumshauri kijana anayeota kuendesha magari ya mbio, Waswidi wanafaa kuangaliwa kuliko Waingereza au Waitalia. Hawana timu ya Formula 1 kwao, na mbio zenyewe hazijarudi Uswidi tangu zilipokoma Anderstorp mwaka huohuo wa 1978. Kwa hiyo hakuna njia moja iliyokwisha kuchongwa ambayo kila mtoto anaifuata. Kila mmoja huchagua, na kila mmoja hulipia alichokichagua. Hapa nawachukua watatu waliopishana miaka mitano tu kwa umri lakini wakaenda pande tatu tofauti kabisa. Kwenye jedwali, Formula 4, Formula Regional, F3 na F2 ni ngazi za kupandia kuelekea Formula 1 (F1); IndyCar ni mashindano makuu ya magari ya formula huko Marekani na Indy Lights ni ngazi iliyo chini yake; WRC ni ubingwa wa dunia wa rally na WRC2 ni daraja lake la pili.

| | Dino Beganovic | Linus Lundqvist | Oliver Solberg |
|---|---|---|---|
| Kuzaliwa | Januari 2004, Linköping | Machi 1999, Tyresö | Septemba 2001, Fredrikstad, Norwei |
| Njia | Karti, Formula 4, Formula Regional, F3, F2 | F3 ya Uingereza, kisha Marekani hadi IndyCar | Crosskart, rallycross, rally |
| Ubingwa | Formula Regional ya Ulaya 2022 | F3 ya Uingereza 2018, Formula Regional Americas 2020, Indy Lights 2022 | WRC2 mwaka 2025 |
| Aliyemshika mkono | Chuo cha Ferrari tangu 2020 | Zawadi za ubingwa na wadhamini wa kubisha hodi | Familia, halafu Hyundai, halafu Toyota |
| Alipofika | Mazoezi mawili ya F1 mwaka 2025 | Msimu mmoja kamili wa IndyCar, 2024 | Ushindi wa WRC, Estonia 2025 |

Ukisoma safu ya ubingwa peke yake, Lundqvist ndiye bora. Ana mataji matatu makubwa, na katika mojawapo alishinda mbio 15 kati ya 17. Sasa angalia mstari wa chini. Mwenye mataji mengi ndiye aliyekuwa hana gari la kudumu IndyCar mwaka 2025. Ukitaka kujua kwa nini, mtazame anayelipa kwanza, halafu ndiyo umtazame anayeendesha.

Nianze na Beganovic kwa kuwa njia yake ndiyo inayotamaniwa na wengi. Familia yake ina asili ya Bosnia, yeye ni mzaliwa wa Linköping, na alianza na karti kama wanavyoanza wote. Mwaka 2020 Ferrari wakamchukua kwenye chuo chao cha madereva. Kwa mtoto wa miaka 16 hilo ni jambo kubwa, maana linafungua mlango wa timu nzuri. Yeye aliwekwa Prema, timu ya Italia ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitawala ngazi za chini. Mwaka 2022 akatwaa Formula Regional ya Ulaya. Baada ya hapo kasi yake ikapungua. Alimaliza wa sita kwenye F3 mwaka 2023, akarudia mwaka mwingine, na 2024 akamaliza wa sita tena. Mwaka 2025 akapanda F2 na timu ya Hitech.

Usiichukulie nafasi ya sita kama jambo dogo. Kwenye gridi ya madereva 30 wenye magari yanayofanana, nafasi ya sita ni ya dereva hodari. Lakini njia hii haina huruma na hodari. Inamtaka wa kwanza, na hata wa kwanza hahakikishiwi kitu. Leonardo Fornaroli wa Italia alikuwa bingwa wa F3 mwaka 2024 na bingwa wa F2 mwaka 2025, halafu orodha ya madereva wa Formula 1 ya 2026 ikatoka bila jina lake. Aliyepanda ni Arvid Lindblad, kijana anayeshindana kwa bendera ya Uingereza ingawa baba yake ni Mswidi. Alimaliza nyuma ya Fornaroli, ila alikuwa na Red Bull mgongoni, na Red Bull walikuwa na kiti cha kujaza.

Beganovic mwenyewe amekwisha kukaa ndani ya gari la Ferrari la Formula 1. Aprili 2025 huko Bahrain alipewa gari la Charles Leclerc kwa kipindi cha kwanza cha mazoezi, na miezi miwili baadaye akapewa tena Austria. Kila kipindi ni dakika 60. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila tujue jambo hilo linavyokwenda: kanuni za 2025 zilizitaka timu zote ziwape wanagenzi vipindi vinne kwa msimu, viwili kwa kila gari, mara mbili ya ilivyokuwa zamani. Timu lazima imtafute mtu wa kumpa. Kijana anaingia, anapewa kazi ya kukusanya takwimu za matairi na upepo, anaambiwa asiguse ukuta, halafu anashuka na mwenye gari anarudi. Ni heshima, lakini si ahadi ya kazi.

Gharama ya kufika kwenye heshima hiyo ndiyo inayowatoa jasho wazazi. Msimu mmoja wa F3 hutajwa kuwa zaidi ya euro milioni moja, na wa F2 kati ya milioni mbili na tatu. Hiyo ni baada ya miaka ya karti, ambayo kwa ngazi ya juu ya Ulaya nayo hula pesa za kujenga nyumba kila mwaka. Chuo cha Ferrari au Red Bull husaidia, lakini kila mwaka mtoto anapimwa upya na anaweza kuachwa. Halafu ukifika juu unakuta viti 22 kwa dunia nzima kuanzia 2026, tena vingine vimekaliwa na watu wenye miaka arobaini na ushei ambao hawana haraka ya kwenda popote.

Halafu kuna umri. Anayetaka njia hii anapaswa kuwa kwenye karti kabla hajatimiza miaka kumi. Kijana wa miaka 15 anayesema leo ameipenda Formula 1 na anataka kuanza, amechelewa. Ni neno gumu, lakini afadhali aambiwe kabla shamba halijauzwa.

Lundqvist aliliona hilo mapema. Alikuwa bingwa wa F3 ya Uingereza mwaka 2018 na timu ya Double R, akakaa Ulaya mwaka mmoja zaidi, akapiga hesabu na kuona haifungi. Akavuka bahari. Marekani kuna utaratibu ambao Ulaya hawana kwa kiwango kile: bingwa wa ngazi ya chini anapewa fedha za kupandia ngazi ya juu. Mwaka 2020 alishinda Formula Regional Americas kwa zile mbio 15 kati ya 17, na zawadi yake ikamsaidia kuingia Indy Lights. Mwaka wa kwanza akawa wa tatu. Mwaka wa pili, 2022, akawa bingwa na timu ya HMD.

Bahati mbaya ikawa ya wakati. Miaka ya nyuma bingwa wa Indy Lights alikuwa akipata zaidi ya dola milioni moja. Mwaka ule alioshinda yeye, mashindano yalikuwa yamebadilisha waendeshaji na zawadi ikashuka hadi dola 500,000 hivi. Nusu milioni ni fedha nyingi mpaka uziweke kando ya bajeti ya msimu mzima wa IndyCar, ambayo ni mamilioni kadhaa. Hazikutosha. Bingwa akaanza 2023 bila gari, akizunguka kwenye viwanja vya mbio kutazama aliowashinda wakiendesha.

Agosti mwaka huo Simon Pagenaud alikuwa hajapona ajali mbaya ya Mid-Ohio, na timu ya Meyer Shank ikampigia Lundqvist simu aje Nashville. Alianza wa 11 kwenye barabara za mjini ambazo hakuwa amewahi kuzipita na gari la IndyCar. Alikwenda na kundi la mbele la katikati bila woga, kisha mizunguko michache kabla ya mwisho akagonga ukuta. Kwa mwingine ingekuwa mwisho wa simu. Chip Ganassi, mmoja wa wamiliki wakubwa wa timu Marekani, aliangalia kasi na hakujali ukuta. Mwaka 2024 akampa gari namba 8, lile lile ambalo Mswidi mwenziwe Marcus Ericsson alikuwa ameliacha.

Msimu huo ulikuwa mzuri kwa mwanagenzi. Alipanda jukwaani mara mbili, na akatwaa taji la mwanagenzi bora wa mwaka. Juni, kule Road America, alishika nafasi ya kwanza kwenye mstari wa kuanzia. Bendera ya kijani ikapepea, magari yakashuka kwenye kona ya kwanza, na aliyemgonga kwa nyuma akamzungusha alikuwa Marcus Armstrong, wa timu yake mwenyewe. Kama kuna picha moja ya kumwonyesha mtu mkosi wa Lundqvist, ni ile: gari lililokuwa mbele ya wote dakika moja iliyopita limetazama lilikotoka, na uwanja mzima unalipita.

Kilichommaliza kilitoka kwenye makaratasi. IndyCar walianzisha utaratibu wa hati za kudumu, zinazolihakikishia gari nafasi kwenye karibu mbio zote za msimu, 25 kwa jumla, zisizozidi tatu kwa timu moja. Ganassi alikuwa na magari matano. Akabaki na matatu. Scott Dixon na Álex Palou hawagusiki, na gari la tatu likaenda kwa Kyffin Simpson. Mwanagenzi bora wa mwaka akatoka nje. Ndiyo maana nasema njia ya Marekani ina milango mingi kuliko ya Ulaya, kwa kuwa mwaka 2025 gridi ilikuwa na magari 27 ya msimu mzima na ngazi zake zina zawadi, lakini nyumba yenyewe hukodishwa mwezi kwa mwezi.

Hata hivyo sitamkataza mtu. Ericsson ni ushahidi wa upande wa pili. Alikaa Formula 1 kuanzia 2014 hadi 2018 na Caterham na Sauber, akaanza mbio 97, akaambulia alama 18. Ulaya walikwisha kumfuta. Alipohamia Marekani alishinda Detroit na Nashville mwaka 2021, na Mei 2022 akashinda Indianapolis 500, Mswidi wa pili kufanya hivyo baada ya Kenny Bräck wa 1999. Hundi ya siku ile ilikuwa dola milioni 3.1. Felix Rosenqvist naye, aliyeshinda mbio za F3 za Macau mara mbili na ubingwa wa F3 ya Ulaya bila Formula 1 kumtazama, amejijengea kazi ya miaka huko huko. Kwa dereva ambaye tayari yuko kwenye magari ya formula na pesa inaelekea ukingoni, ningemwambia avuke bahari akiwa na miaka 20, asingoje 28.

Sasa Solberg, na hapa nitakaa zaidi.

Kwanza lisemwe lisilofichika: Oliver hakutoka nyumba ya kawaida. Baba yake ni Petter Solberg wa Norwei, bingwa wa dunia wa rally mwaka 2003 akiwa na Subaru. Mama yake, Pernilla Walfridsson, ni Mswidi na yeye mwenyewe amekimbia rally za dunia. Kijana anashindana kwa bendera ya Uswidi. Alikua akichezea crosskart, yale magari madogo ya fremu ya bomba yanayoruka kwenye changarawe, na alipokuwa na miaka 17 tu, Mei 2019, alishinda rally ya ubingwa wa Ulaya huko Liepāja, Latvia. Anayesema rally ni njia ya mtoto wa maskini kwa kumwonyesha Solberg amechagua mfano mbaya.

Lakini jina la baba humfikisha mtu mlangoni tu. Mwaka 2021 Hyundai walimsajili, na 2022 wakampa gari lao la tatu la Rally1, daraja la juu kabisa la WRC, aliendeshe kwa zamu na Dani Sordo. Alikuwa na miaka 20. Akashika nafasi ya nne Ubelgiji, lakini kabla ya hapo na baada ya hapo kulikuwa na magari yaliyopasuka, na kabla msimu haujaisha Hyundai wakamwambia hawaendelei naye. Akashuka daraja hadi WRC2, kwenye magari ya Rally2 yenye nguvu pungufu, kushindana na watu wanaolipia viti vyao wenyewe.

Hata huko alijiumiza kwa mkono wake. Ureno 2023 alikuwa anaongoza WRC2. Kwenye mkondo (kipande cha njia kinachopimwa muda) ulioandaliwa kwa ajili ya watazamaji, akaanza kulizungusha gari papo hapo, moshi wa matairi ukipanda, umati ukipiga kelele. Waamuzi wakamtoza dakika moja kwa kuhatarisha usalama. Ushindi ukaondoka hapo hapo. Mwaka 2024 alipoteza ubingwa wa WRC2 kwa Sami Pajari wa Ufini. Kwa hesabu za Formula 1, huyu alikuwa mtu aliyekwisha: ameachwa na kiwanda, ameshuka daraja, ameshindwa kutwaa hata taji la daraja hilo.

Hapa ndipo rally inapotofautiana na njia nyingine zote mbili, na sioni watu wakilisema vya kutosha. Kwenye rally, dereva wa gari dogo hupita mikondo ile ile, siku ile ile, kwenye udongo ule ule aliopita bingwa wa dunia saa moja kabla. Saa ni moja. Wakuu wa timu wakikaa jioni na karatasi ya nyakati wanaona ni nani aliyechukua sekunde ngapi kutoka gari lenye nguvu pungufu. Huhitaji wakala wa kukusifu. Halafu kiwanda kikitaka kukujaribu, kinaweza kuongeza gari moja kwa rally moja. Hilo haliwezekani kwenye Formula 1, ambako viti vimehesabiwa na hakuna cha ziada.

Julai 2025 Toyota walifanya hivyo. Solberg alikuwa kwenye kampeni yake ya WRC2 na GR Yaris Rally2, wakamwita aendeshe Rally1 huko Estonia, mara moja tu. Hakuwa amekaa kwenye gari la daraja hilo kwenye mashindano tangu enzi za Hyundai. Barabara za Estonia ni za kasi ya kutisha, changarawe laini yenye vilima vya kurusha gari, na Ott Tänak ni mwenyeji anayezijua kama uani kwake. Solberg alishika uongozi siku ya Ijumaa, hakuuachia, na Jumapili akamshinda Tänak kwa zaidi ya sekunde 25. Alikuwa na miaka 23. Miezi michache baadaye akafunga ubingwa wa WRC2, Toyota wakampa kiti cha kudumu cha Rally1 kwa 2026, na Januari akaanza kazi hiyo kwa kushinda Monte Carlo.

Viti vya juu vya rally navyo ni vichache, tena vichache kuliko vya F1: magari ya Rally1 ya viwanda ni kumi hivi. Kwa hiyo anayetafuta wingi wa ajira asije huku kwa hesabu hiyo. Faida iko chini ya kilele. Kuna daraja za kupandia ambazo mtu anaweza kuzitaja bei bila kuzimia. Ford Fiesta Rally3, gari la mashindano ya dunia ya vijana, lilipoingia sokoni liliuzwa chini kidogo ya euro 100,000, na kwenye mashindano hayo wote hupewa magari yanayofanana. Mille Johansson, Mswidi mwingine, ndiye aliyetwaa ubingwa huo wa vijana mwaka 2025. Jina lake halitajwi sana nje ya watu wa rally, na baba yake hakuwa bingwa wa dunia.

Chini zaidi kuna folkrace, ambayo ndiyo siri ya nchi za kaskazini. Vijana wa Uswidi huanza huko wakiwa na miaka 15. Ni magari makuukuu, vioo vimeng'olewa, ndani kuna vyuma vya kinga, yanagongana kwenye uwanja wa changarawe na tope. Kanuni moja ndiyo inayoulinda mchezo wote: mbio zikiisha, gari lako liko sokoni kwa bei moja iliyopangwa, krona elfu chache. Mwenzio akilitaka, analipia na kuondoka nalo, na wakiwa wengi huamuliwa kwa bahati nasibu. Huwezi kukataa. Kwa hiyo hata tajiri hana sababu ya kutia injini ya bei mbaya, maana jioni itaondoka na mtu mwingine. Sijaona kanuni ya mchezo wa magari yenye akili kuliko hiyo, na nashangaa haijasambaa duniani kote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili la rally si la mbali. Björn Waldegård, Mswidi aliyekuwa bingwa wa kwanza kabisa wa dunia wa rally kwa madereva mwaka 1979, alishinda Safari Rally mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Ule wa mwisho aliupata akiwa na miaka 46, umri ambao dereva wa formula amekwisha kuwa mchambuzi wa televisheni. Mwaka 2007 na 2011 alirudi na mwanawe Mathias kwenye kiti cha mwelekezi, yule anayemsomea dereva njia, wakashinda Safari ya magari ya zamani. Solberg naye aliionja Naivasha mwaka 2021 akiwa na Hyundai, Safari iliporudi kwenye kalenda ya dunia.

Na njia hiyo imepitwa kwa kuelekea upande wa pili pia. Februari 2022, McRae Kimathi wa Kenya alianza Rally ya Uswidi kule Umeå akiwa na mwelekezi Mwangi Kioni, kwenye Fiesta Rally3 ile ile ya mashindano ya vijana. Ni theluji tupu. Kila tairi jembamba lina misumari karibu 400 ya kung'ata barafu, na madereva waliozaliwa huko huliegemeza gari makusudi kwenye kingo za theluji ili liwageuzie kona. Dereva aliyejifunza vumbi la Naivasha na matope ya Machi anaanza hesabu upya: breki mapema, usukani kidogo, subira nyingi. Lakini alifika, akashindana. Hakuna Mkenya wala Mtanzania anayeweza kusema hivyo kuhusu F2 leo, na sababu kubwa ni kwamba hakuna uwanja wa kumkuza, wakati barabara za udongo tunazo na mashindano ya rally ya kitaifa na ya Afrika yapo.

Kuhusu hatari sitasema mengi. Gari la formula lina kuta na nyavu kando yake, la Indianapolis linapita kilomita 370 kwa saa kando ya zege, na la rally lina miti. Mzazi achague hofu yake.

Kwa hiyo mtoto wa miaka saba au minane, mwenye familia yenye uwezo wa kweli na iliyo tayari kuhamia Ulaya, aende kwa Beganovic: karti, halafu ombeni chuo kimoja kikubwa kimwone kabla ya miaka 16. Asipoonwa kufikia umri huo, msiendelee kwa ukaidi. Aliyekwisha kuwa kwenye formula na ana kasi lakini fedha zimekauka, aende kwa Lundqvist, ila kabla ya kusaini aulize zawadi ya ubingwa wa mwaka huo ni kiasi gani hasa, aulize timu ina hati ngapi, na aulize nani mwingine anafadhiliwa na baba yake kwenye gari la pembeni. Kijana wa miaka 15 na kuendelea, hasa aliyezoea udongo, sioni sababu ya kumpeleka kwingine isipokuwa kwa Solberg na Johansson. Atapata leseni ya barabarani kwanza, kwa sababu kati ya mkondo na mkondo magari ya rally hupita kwenye barabara za umma pamoja na malori na mabasi, na polisi wa usalama barabarani hawajali una namba ya mashindano mlangoni.

Asiyekuwa na fedha hata za gari la kuanzia asisahau kwamba gari la rally lina viti viwili. Mwelekezi hanunui gari. Hununua kofia, nguo za kuzuia moto, na hujifunza kusoma noti kwa sauti isiyotetemeka gari likiwa hewani. Elliott Edmondson, Mwingereza aliyekaa kando ya Solberg kule Estonia, alipanda jukwaa lile lile, akapokea kombe lake, na jina lake limeandikwa kwenye matokeo ya dunia mstari mmoja na la dereva.